Mzee Obura Akataa Kuzaliwa

Wiki iliyopita niliwaacha stesheni ya Nakuru, treni ya Kisumu imesimama, na mama mkwe wangu anateremka behewa la daraja la tatu na kuku wawili kwapani na kigoda kichwani. Kwa wale waliofungia dagaa wa omena gazeti kabla ya kulisoma, na najua mpo, nitarudi nyuma kidogo, halafu msiniulize tena.

Jina langu ni Awuor. Mume wangu ni Dalmas Obura, kazi yake kupaka injini grisi kwenye shedi ya reli. Tulikaa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja, jiko nje, bomba moja la maji kwa safu nzima. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi bila mtoto, mpaka watu wakaacha kuniuliza wakaanza kunihurumia, na kuhurumiwa ni kubaya zaidi. Mimba mbili zilikuja zikatoka kabla sijamwambia mtu. Hayo mmeyasoma, na pole zenu zimenifikia.

Kisha tumbo likaanza kukua. Landi nzima ikalishangilia.

Damu yangu haikukoma. Ilikuja kila mwezi, na kwa wingi, hata nikaanza kutembea nimeshika ukuta. Nilimwambia jirani yangu Nabalayo, Mbukusu mwenye mikono mipana, mkunga wa landi yetu. Akanilaza, akanikanda, akasema mtoto yupo ila anaoga.

"Wengine huoga sana," akasema.

Miezi ya kuzaa ilipopita na mtoto hajatoka, alinikanda tena, akasema mimba imekwenda mgongoni, itarudi mbele ikipenda. Nilimwamini. Nawe ungemwamini, kama ungekuwa unamtaka mtoto jinsi nilivyomtaka.

Habari zikafika kwetu Nyanza, na mama mkwe akaota ndoto. Mumewe, Mzee Obura, aliyefariki kabla sijaolewa, alisimama mlangoni akauliza, "Kigoda changu kiko wapi?" Kwetu Wajaluo, marehemu akija hivyo anataka jina lake lirudi kwa mtoto. Basi tumbo langu likapewa jina kabla halijazaliwa. Likaitwa Obura. Na Mama Dalmas akapanda treni kumletea kigoda chake.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa tuendelee.

Mama alipoingia chumbani hakunisalimu mimi. Aliweka kigoda kando ya kitanda, akatengeneza kitambaa kichwani, akasimama mbele ya tumbo langu.

"Obura," akasema, "umekaa salama?"

Dalmas akaangalia dari.

"Jibu," akasema Mama.

"Nijibu nini, Mama?"

"Si wewe. Yeye."

Tukangoja. Tumbo likanguruma, kwa sababu nilikuwa sijala tangu asubuhi. Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Sauti ni ileile," akasema.

Kwetu mke hamkaribii baba mkwe. Hakai naye karibu, hamshiki mkono, akimwona njiani anampisha. Na mimi nilikuwa nimembeba chini ya kifua mchana na usiku. Nilimwuliza Dalmas kama iko adabu iliyowekwa kwa hali ya namna hiyo. Akasema ataulizia shedini.

Kwa kuwa kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe, Mama alilala kwa Nabalayo, ukuta wa pili. Wakapendana sana. Mmoja hajui Kiswahili, mwingine hajui Kijaluo, lakini kwa habari za tumbo langu walielewana vizuri. Asubuhi waliingia pamoja, mmoja ananikanda, mwingine anamwamkia mumewe. Hakuna aliyethubutu kukalia kile kigoda. Hata kuku walikizunguka.

Mama hakuniita jina langu. Hakupata kuniita tangu siku niliyoletwa kwake. Aliniita nyar Alego, binti wa Alego, kama desturi ilivyo, kwa maana mke huitwa kwa jina la kwao. Pale bombani nako wanawake walikwisha zoea kumwulizia Obura.

"Mzee hajambo?"

"Hajambo."

"Bado hajaamua?"

"Bado."

Nilijibu hivyo nikicheka. Ndani sikucheka. Nilikuwa nimechoka mwili mzima, midomo imekuwa myeupe, na nilipofunga macho nilisikia moyo wangu masikioni. Lakini nani anamwambia mama mkwe kwamba mumewe anakuua?

Asubuhi moja niliinama kuchukua ndoo, damu ikashuka mpaka viatu vikajaa. Nabalayo alikuwa nyuma yangu na sufuria yake.

"Leo anaoga mto mzima," akasema. Halafu akanitazama usoni, akaiweka sufuria chini. "Awuor, kaa. Usisimame. Mwiteni Dalmas."

Nililazwa juu ya kiberenge cha watengeneza njia ya reli, nikasukumwa mpaka kivuko cha barabara, na kutoka hapo mkokoteni wa mboga ukanifikisha hospitali. Mama alitembea kando, kigoda kichwani. Sikumwuliza amekibebea nini. Nilikuwa na mengine ya kufikiri.

Daktari alikuwa memsahib mrefu wa Kizungu, mwenye Kiswahili cha mashamba ya Wazungu. Pamoja naye alikuwa dresa, mfunga vidonda, Mmaragoli aitwaye Naftaly, ambaye kazi yake ilikuwa pia kutafsiri, naye alitafsiri hata kisichotaka kutafsiriwa.

Daktari alinibonyeza tumbo muda mrefu. Akaniuliza habari za damu. Akavua mpira wa mkononi.

"Mtoto hapana iko," akasema.

Naftaly akanigeukia. "Anasema mtoto hayuko."

"Nimesikia."

"Iko nyama. Nyama imeota ndani ya nyumba ya mtoto. Kubwa, kama kichwa ya mtoto."

"Anasema ni nyama. Ukubwa wake ni kama kichwa cha mtoto."

"Nimesikia, dresa."

Mama alikuwa ameshika kitanda. Nikamwambia kwa Kijaluo yaliyosemwa. Niliyasema taratibu, kwa sababu na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nayasikia vizuri.

"Kama ni kichwa cha mtoto," akasema Mama, "basi ni mtoto. Mwambie atafute miguu."

Sikumwambia. Nilikuwa natazama ukuta. Miezi yote ile nilikuwa nimeshona vifulana, nimevikunja, nimevikunjua, nimevikunja tena. Sijui kama mnaelewa. Mtu hakufa, lakini nilifiwa pale pale, na hapakuwa na wa kumlilia.

Daktari akaeleza, na Naftaly akaeleza kwamba ameeleza. Hii si saratani. Si uchawi, si laana, si kosa la mtu. Ni uvimbe ambao wanawake wengi sana wanao, wengi kuliko wajuao, na wengine wanazeeka nao bila kuumwa hata siku moja. Wangu ndio ulikuwa wa kunywa damu. Ukiachwa utanimaliza. Dawa yake ni kisu.

"Nikiweza natoa nyama, naacha nyumba ya mtoto," akasema daktari. "Damu ikiwa mingi sana, natoa yote, ndiyo wewe ipate kuishi."

"Ukiacha nyumba, nitaweza kuzaa?" nikauliza.

"Pengine."

"Anasema pengine," akasema Naftaly.

Neno lile moja nililishika kwa mikono miwili. Nilitaka kuishi, ndiyo, lakini nilitaka kuishi na nyumba yangu ya mtoto. Wasomaji wengine mtasema nilikuwa na tamaa. Semeni.

Ilikuwa lazima mume atie sahihi. Dalmas alikuja kutoka shedini, kofia mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akamtazama mama yake.

Mama alikuwa mtulivu. "Mwambieni huyo mzungu," akasema, "mimi nilimzika mume wangu mara moja. Sitakaa hapa akatwe mara ya pili."

"Mama," akasema Dalmas, "daktari anasema ni nyama."

"Wewe pia ulikuwa nyama. Nilikungoja."

Dalmas akageuza kofia yake. Alinipenda, sitamsingizia, lakini alikuwa mtoto wa pekee wa mwanamke yule, na hakuwahi kununua hata shati bila kumwuliza. "Daktari," akasema, "utupe nafasi kidogo tuulizane nyumbani."

"Ulizana haraka," akasema daktari.

Nikalazwa. Nikawa nanywa dawa nyeusi yenye ladha ya misumari, ili damu irudi kidogo. Mama akawa anakuja kila siku na uji na kigoda. Anaweka kigoda kando ya kitanda changu, na yeye anakaa sakafuni. Kila jioni Dalmas anamwuliza, "Mama, umeamuaje?" na kila jioni Mama anamjibu, "Ninamsubiri baba yako aseme." Nami usoni nazidi kuwa mweupe kama chumvi.

Ikafika siku ya kliniki ya wanawake. Benchi lilikuwa kwenye baraza nje ya wodi yetu, na muuguzi akanitoa nikaote jua. Nikabanwa katikati ya benchi. Mama akakaa sakafuni miguuni pangu, kigoda mbele yake.

Kushoto kwangu alikuwa Wangare, yaya wa nyumba moja ya Milimani. Mkikuyu, watu wake walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na serikali, yeye akabaki na kipande, kibali chake cha kazi, kwa sababu memsahib wake alikataa kufuliwa na mtu mwingine. Alinitazama tumbo, akanitazama uso.

"Mtoto, ama nyama?" akauliza.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. "Nyama," nikasema.

"Mimi zangu ni tatu," akasema, kama mtu anayetaja mbuzi wake. "Daktari anasema zimekaa pamoja kama viazi."

Upande wa kulia mwanamke aliyevaa shuka ya kahawia akacheka kidogo. Aliitwa Cheptanui, kutoka shamba la kahawa kule Subukia. "Mimi mume wangu ya kwanza alinifukuza juu ya hii," akasema. "Tumbo ilikuwa kubwa na yeye alikuwa jeshini. Akarudi, akahesabu, akaniambia niende."

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Mimi mwenyewe nilikuwa nangojea mtoto nione anafanana na nani."

Wangare akamwuliza kama ameolewa tena. Cheptanui akasema ndiyo. Huyu wa pili ana ng'ombe wengi, akasema, hana wakati wa maswali.

Mama akanivuta nguo. "Wanasema nini?"

"Wanasema wao pia wana nyama, Mama."

"Huyu?"

"Huyu tatu."

"Na huyo wa shuka?"

"Naye."

Akamwonyesha kwa kidevu mwanamke wa makamo mwisho wa benchi, mke wa mchimbaji wa ule udongo mweupe wa Kariandusi, vumbi bado kwenye nyusi. "Na yule?"

Nikamwuliza. Yule mwanamke akajibu kwa sauti ya chini kwamba kwao wamezaliwa dada wengi na wote wana uvimbe huo, tena walidhani ni vumbi la machimbo, mpaka akaja dada yao aliyeolewa mbali ambaye hajawahi kuliona vumbi lile, naye anao.

"Hata memsahib wangu," akasema Wangare. "Alienda kukatwa Nairobi, akaniambia ni meno. Lakini nguo zake nafua mimi."

Nikamtafsiria Mama.

"Mzungu pia?"

"Pia."

Mficha uchi hazai, husema Waswahili. Sisi tulikuwa benchi zima la waficha uchi, na kila mmoja alikuwa ameamini kwamba ni yeye peke yake duniani. Pale pale wakaanza kuonyeshana wapi panauma. Naftaly alipotokea mlangoni kuita jina, akasikia yanayosemwa, akarudi ndani kwanza.

Mama aliwatazama mmoja mmoja, polepole, mpaka mwisho wa benchi na kurudi.

"Hawa wote," akasema, "hawawezi kuwa wamebeba baba wakwe zao."

"Hapana, Mama."

"Hata mzungu."

"Hata yeye."

Ndipo akafanya jambo ambalo sikutegemea kuliona. Alivuta kigoda cha Mzee Obura, kigoda ambacho hakuna mtu aliyekikalia tangu mwenyewe azikwe, akakikalia.

"Nyar Alego," akasema. "Lete mkono."

Nikampa. Akauingiza chini ya kanga yake, akaukandamiza chini ya kitovu, upande wa kushoto. Palikuwa na kitu. Kilikuwa kigumu kama jiwe la kusagia, cha mviringo, hakisogei.

"Unamsikia?"

"Nani, Mama?"

"Achola."

Wangare alikuwa anasimulia habari za kufua, watu wanacheka.

"Alikuja nilipomwachisha Dalmas ziwa," akasema Mama. "Nilijua ni msichana, kwa sababu mama yangu alinijia ndotoni, na mama yangu ndiye Achola. Wakunga wakasema amekwenda mgongoni. Nikangoja. Obura naye akangoja, halafu akachoka, akaoa mke wa pili, yule nyar Seme, akazaa naye. Mimi nikabaki na huyu. Dalmas alipoondoka kuja kazi ya reli nikabaki naye peke yake. Mambo yangu yote anayajua. Wakati wa njaa nilikuwa nikila kidogo namwambia, hii ni yako."

"Dalmas anajua?"

"Hajui. Baba yake alikufa hajui kwamba bado ninaye. Hata Nabalayo hajui, na ananikanda mgongo kila jioni."

Kisha akaniuliza, bila kelele, kama mtu anayeuliza njia.

"Sasa Dalmas ana ndevu. Kama huyo wako ni nyama, huyu wangu ni nani?"

Kwa miezi nilikuwa nimemkasirikia mwanamke huyu. Nilikuwa nimemwona kama mtu anayeniua kwa ajili ya kigoda. Kumbe alikuwa anajua tu kwamba tumbo langu likiitwa nyama, na lake litaitwa nyama. Nililia. Nililia mbele ya benchi zima, na Cheptanui akanipa ncha ya shuka yake bila kuuliza, akaendelea na mazungumzo.

Mama hakulia. Alisimama, akamwita Naftaly kwa kidole.

"Mwambie daktari aniangalie na mimi."

Nikamwambia. Naftaly akasema jina lake halikuandikishwa. Mama akampita, akaingia nyuma ya pazia. Tukamsikia daktari akisema kitu kwa Kizungu, kisha kitanda kikalia.

Alipotoka alikuwa anafunga kanga. Naftaly alifuata.

"Anasema ni ile ile," akaniambia. "Ya siku nyingi, imekauka, imekuwa jiwe. Haitamdhuru. Lakini akitaka, inaweza kutolewa."

Nikamtafsiria Mama yote.

"Amwache," akasema Mama. "Tumezoeana."

Dalmas alifika saa ya chakula, grisi mpaka kwenye viwiko. Aliuliza swali lake la kila siku, "Mama, umeamuaje?" Halafu akaona mama yake amekikalia tena kile kigoda, akavua kofia.

Mama alisimama mbele ya tumbo langu, kama siku ile ya kwanza. Wanawake wa benchi wakageuka. Hawakujua Kijaluo, lakini walijua kuna jambo.

"Obura," akasema. "Shuka. Umebisha mlango usio wako, na mtoto wa watu anakufa. Kigoda chako nimekikalia mimi. Ukitaka kurudi, utafute njia nyingine. Tutakungoja, kungoja tumezoea."

Safari hii tumbo halikunguruma. Mama hakuonekana kutegemea jibu.

"Andika," akamwambia Dalmas.

Dalmas akanitazama mimi, halafu mama yake. "Na wakitoa yote, Mama?"

"Mimi sikutolewa kitu," akasema Mama, "na baba yako alioa hata hivyo. Wewe andika. Halafu nitakuangalia utafanya nini."

Dalmas akaandika. Aliacha alama ya dole gumba la grisi kwenye karatasi ya daktari.

Nikaoshwa, nikavalishwa shati la kufungwa mgongoni. Waliponisukuma barazani, Wangare alikuwa bado kwenye benchi. "Ukirudi uniambie kama inauma," akasema, "maana mimi nafuata." Mlangoni pa chumba cha kukatia nikaushika mkono wa daktari. Nilikuwa sijawahi kumshika mzungu mkono.

"Daktari," nikasema, "uniachie nyumba yangu."

"Mimi nitajaribu."

"Anasema atajaribu," akasema Naftaly.

Kwa mara ya kwanza nilifurahi kusikia jambo mara mbili. Kisha wakaniwekea kinyago usoni, harufu tamu ya kuchefua, na taa ikaenda mbali.

Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichoona ni miguu yangu. Sikuwa nimeiona kutoka kitandani kwa muda mrefu, na niliitazama sana. Tumbo lilikuwa chini, limefungwa bendeji, linawaka moto. Nje kulikuwa kumekucha.

Mama alikuwa kando ya kitanda, amekalia kigoda. Juu ya mapaja alikuwa na bakuli la bati, lile alilokuwa akiniletea uji, limefunikwa na kitambaa chake cha kichwa. Nilikuwa sijawahi kumwona kichwa wazi. Nywele zilikuwa nyeupe zote.

"Dalmas yuko wapi?" nikauliza. Sauti ilitoka kama ya chura.

"Amekwenda kuuliza pasi ya treni."

"Ya nani?"

"Yangu na ya baba yake." Akaweka mkono juu ya kitambaa. "Nilimwomba daktari, Dalmas akitafsiri. Alikataa, nikakaa mlangoni mpaka akakosa pa kupita. Mtu aliyekwisha pewa jina hatupwi shimoni pamoja na mabendeji. Nitamzika nyumbani, kando ya Obura mwenyewe."

Nilitaka kucheka, na bendeji ikanikataza. Halafu likanijia lile jambo. Lilinijia taratibu, kutoka miguuni.

Bakuli lilikuwa kubwa. Lilikuwa limejaa.

"Mama," nikasema, "humo ndani yumo Mzee peke yake, au wamemtoa na nyumba yake?"

Hakujibu mara moja. Alikuwa mwanamke aliyechinja mbuzi na kondoo maisha yake yote, na hakuna kipande cha ndani asichokijua kwa jina. Aliinua ncha ya kitambaa. Akatazama, akatazama tena. Akakishusha, akakikunjia ukingoni pa bakuli pande zote, kama anayemfunika mtu pamoja na nyumba yake wasipate baridi.

Halafu akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwake akaniita kwa jina langu.

"Awuor," akasema.